Viini Sitini na Vinne, Shule Ishirini na Sita

Bosi wangu, Fundi Chiu Wen-tung, haamini dakika kumi za kwanza. Ukimletea prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, hata iwe imesifiwa na dunia nzima, ataiwasha, ataipa kazi, kisha ataondoka zake akanywe chai. "Dakika kumi za kwanza kila prosesa ni bingwa," husema. "Niite ikishachoka." Mimi, Lai Shu-chuan, nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika duka letu la ghorofa ya pili, nyuma ya soko la kompyuta la Kuang-hua mjini Taipei, na nakiri kwamba mwaka wa kwanza nilimwona mzee msumbufu tu. Wenzetu wa chini walikuwa wanauza mashine kumi kwa siku kwa kusoma namba zilizochapwa kwenye boksi. Sisi tulikuwa tunauza mbili kwa wiki. Lakini mashine zetu hazirudi, na mtu akitaka kompyuta ya kazi nzito hasa, hao hao wa chini humwonyesha ngazi za kuja kwetu, japo kwa kununa.

Dada mmoja, Mhandisi Hsieh Yi-wen, alipanda ngazi hizo asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa nane. Jasho lilikuwa linamtiririka, na begini mwake hamkuwa na kitu ila diski mbili na karatasi moja. Alikuwa ametoka Hualien, ng'ambo ya milima, ambako tetemeko la majira ya kuchipua lilikuwa limeacha nyufa kila mahali. Karatasi ile ilikuwa na majina ya shule ishirini na sita.

"Kila jengo nimelipima na kulichora ndani ya kompyuta," alituambia kabla hata hajakaa. "Sasa nataka kulitikisa humo humo kwenye kompyuta. Matetemeko arobaini kwa kila shule, ya zamani na ya sasa, nione lipi litasimama na lipi litaanguka. Shule zinafunguliwa tarehe thelathini."

"Ya mwezi huu?" nikauliza.

"Ya mwezi huu, dada."

Nikapiga mluzi. Fundi Chiu alinitazama kwa jicho kali, maana hapendi mluzi dukani.

"Chuo kikuu wana mashine kubwa," akamwambia.

"Foleni yao inaishia Oktoba. Ofisi yangu imenipa kibali cha mashine moja. Moja, Fundi. Nikikosea kuchagua, sina nyingine."

Hapo ndipo bosi wangu alipovuta kiti. Nilitegemea aanze na mambo ya prosesa, lakini aliuliza, "Chumba chako kina joto kiasi gani saa nane mchana?"

Yule dada akacheka. "Nimekuja kuuliza prosesa, Fundi, unaniuliza hali ya hewa?"

"Mwenzio akikuuliza jambo, jibu."

"Nyuzi thelathini na mbili. Kiyoyozi kikifanya kazi sana, umeme unakatika."

"Na vumbi?"

"Wanabomoa jengo la jirani."

"Basi mashine itafungwa ndani ya kasha lake, na chumba changu cha majaribio kitakuwa nyuzi thelathini na mbili. Ah-Chuan, zima kiyoyozi."

"Bosi, mwezi wa nane huu!"

"Zima."

Nikazima. Kuanzia saa ile hadi mwisho wa mambo haya nilikuwa nanuka kama soksi, na nasema hivyo ili ijulikane kwamba sifa ninazompa mzee huyu simpi bure.

Tulikuwa na prosesa mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa na viini ishirini na vinne, yaani vichwa vidogo vya kupiga hesabu, kila kiini kikikimbia kwa kasi ya kutisha. Ya pili ilikuwa na viini sitini na vinne, pana karibu kama kiganja changu, na kila kiini peke yake kilikuwa na mwendo wa pole kuliko wa ile ndogo. Siku ya kwanza tulizipa zote kazi ileile: jengo moja, tetemeko moja. Ile ndogo ikashinda, tena kwa mbali.

Mhandisi Hsieh alifurahi akataka kuinunua palepale. Fundi Chiu akatikisa kichwa.

"Jengo moja ni sufuria moja," alisema. "Hata nikikuletea wapishi sitini na wanne jikoni, sitini watasimama wanakutazama. Lakini wewe una masufuria mangapi?"

Akapiga hesabu. "Shule ishirini na sita, mara arobaini. Elfu moja na arobaini."

"Basi tuwagawe wapishi. Wanne kwa kila sufuria."

Ndiyo akili ya mzee huyo. Watu huandika makala ndefu kuhusu prosesa, zina michoro ya rangi na mishale, na hakuna anayemuuliza mnunuzi ana masufuria mangapi. Tukagawa. Ile ndogo ilitikisa majengo sita kwa wakati mmoja, na iliyatikisa vizuri, bila kupepesa, siku nzima. Fundi aliandika katika daftari lake la mistari, akajumlisha, akampa yule dada jibu: siku thelathini na moja. Mhandisi alikuwa na siku ishirini na kidogo.

Ikabaki ile kubwa. Kama ingeweza majengo kumi na sita kwa mpigo, bila kuchoka, basi ingemaliza kwa siku kumi na nne.

Nilifunga kasha mimi mwenyewe. Niliipaka prosesa ute wa kijivu wa kupitisha joto, nikaweka kipoozeo chake cha maji, nikafunga feni tatu zinazosukuma hewa moto itoke juu kupitia wavu wa bati. Halafu nikafanya kama tufanyavyo kwa kila mashine. Hapa kwetu hakuna mtambo wa maana, uwe wa benki, wa hospitali au wa treni, usiowekewa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, aina ya bisi, vyenye ladha ya nazi. Jina la vile vitafunio maana yake ni utulie, uwe na adabu. Lazima pakiti iwe ya kijani, lazima iwe haijapitwa na tarehe yake, na ikishawekwa haiguswi hadi kazi iishe. Mashine za kawaida huziwekea moja. Hii ilikuwa prosesa ya heshima, yenye shule ishirini na sita mgongoni. Niliipa nne, nikazipanga juu ya kasha kwa mstari.

"Nne?" Mhandisi Hsieh akauliza.

"Viini sitini na vinne, dada. Moja itavitosha nini?"

"Kweli," akasema, akazipiga picha.

Dakika kumi za kwanza ilikuwa bingwa, kama kawaida ya zote. Saa ya kwanza ilipokwisha, joto lilikuwa limefika nyuzi tisini na tano, na prosesa ikaanza kujipunguzia mwendo isiungue. Saa ya pili ilikuwa inatembea nusu ya kasi yake. Fundi alirudi kutoka kwenye chai, akasimama mbele ya skrini, mikono nyuma. Tuliizima, tukaipumzisha, nikapaka ute upya nikidhani nimekosea, nikakaza skrubu zote. Kesho yake ikawa vilevile. Tisini na tano, na mwendo ukashuka, na feni tatu zikipiga kelele hadi jirani wa duka la kamera akaja kuuliza kama tunasaga mahindi.

Nilisikitika kweli. Nilikuwa nimeipenda prosesa ile kabla haijafanya lolote la kupendeza, na mtu wa kazi yangu hatakiwi kupenda mapema.

Mchana wa siku ya pili Fundi Chiu alimkalisha Mhandisi Hsieh. Mbele yetu kulikuwa na bakuli tatu za supu ya tambi na nyama ya ng'ombe ambazo hakuna aliyezigusa.

"Siwezi kukupa ile kubwa," alisema. "Kama inachoka hapa kwa saa mbili, kwako baada ya wiki itasimama kabisa, na utakosa vyote. Chukua ndogo. Haitakudanganya."

"Ndogo ni siku thelathini na moja, Fundi. Mimi nimebakiwa na kumi na tisa."

"Najua."

"Kwa hiyo nifanye shule ngapi?"

"Kumi na sita."

Yule dada hakubisha. Afadhali angebisha. Alitoa kalamu, akaitandaza ile karatasi mezani karibu na bakuli lake, akaanza kukata majina. La kwanza alilikata upesi, akisema hilo jengo ni jipya. La pili na la tatu pia. La nne alikaa nalo muda mrefu, akaniuliza, "Dada Chuan, kati ya shule yenye watoto mia mbili jengo zuri, na yenye watoto thelathini jengo bovu, wewe ungeacha ipi?"

Nilisimama nikasogelea mashine, maana nikibaki pale ningelia, na nikilia huwa nakasirika.

"Ah-Chuan," bosi akaniita. Sauti yake ilikuwa ya aibu kidogo. "Hebu angalia tarehe."

"Tarehe gani?"

"Za bisi zako. Pengine zimepitwa."

Nikamkodolea macho. Mtu wa daftari, mtu wa namba, mtu aliyenifukuza dukani siku nzima kwa kusema prosesa fulani ina bahati! Lakini alikuwa amemaliza kila kitu kingine, na mtu aliyemaliza kila kitu hugeukia bisi. Kazi ilikuwa bado inaendelea kwenye mashine, ila nani alijali tena kugusa au kutogusa? Nikainua pakiti ya kwanza nisome mgongoni.

Ilikuwa ya moto. Si vuguvugu, ya moto kabisa, imevimba pande zote. Nikainua ya pili, nayo hivyohivyo. Nilipoinua ya nne, hewa ilinipiga usoni kwa nguvu hadi nikarudi nyuma, na kelele za feni zikaanza kushuka.

"Bosi," nikasema.

"Zimepitwa?"

"Bosi, njoo."

Hakuja. Alikuwa ameshaiona skrini. Tisini na tano. Tisini na moja. Themanini na sita. Themanini na mbili. Kasi ikapanda kama mtu aliyetuliwa gunia. Mimi nilisimama na pakiti nne za moto kifuani, nimezikumbatia, na wavu wa bati, mlango pekee wa hewa moto kutoka, ulikuwa wazi mbele yangu kwa mara ya kwanza katika siku mbili. Miaka yote tulikuwa tunazifanyia majaribio mashine zikiwa wazi mezani, na pakiti tunaiweka pembeni. Safari hii tulifunga kasha, na mimi nikaliziba kwa heshima.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikakumbuka nimesimama na mhandisi wa matetemeko, nikaacha kutamani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizipanga mimi."

"Na mimi nimezitazama siku mbili," akasema Fundi Chiu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Miaka thelathini na miwili ya kazi, Ah-Chuan. Nimeshindwa na bisi."

Mhandisi Hsieh alikuwa ameshasimama. Alicheka, kisha akafuta macho, kisha akacheka tena. "Fungeni," alisema. "Nifungieni hiyo kubwa, naondoka nayo na treni ya jioni."

"Hapana," akasema bosi.

"Hapana nini?"

"Sijui bado kama ni nzuri. Nilichojua hadi sasa nilikijua kwa makosa. Kesho nitaanza upya, masaa manane."

"Fundi, unanikatia siku nzima! Umeona mwenyewe, themanini na mbili!"

"Nimeona dakika tatu. Dakika tatu hata mimi ni bingwa."

Waligombana pale hadi tambi zikavimba. Yule dada alimwita mkaidi, akamwambia ana roho ya karani, akamuuliza kama anafahamu siku moja ya mashine ile ni karibu shule mbili. Mzee alikubali yote. Alikubali ukaidi, alikubali roho ya karani. Mwisho akasema, "Mhandisi, siku utakapokwenda kumwambia mtu jengo lake litaanguka, atakuuliza umejuaje. Utamjibu kwamba fundi aliona dakika tatu?"

Akakaa chini. Akachukua ile karatasi yenye majina matatu yaliyokatwa, akaichana.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, tuliianza. Pakiti nne niliziweka juu ya kabati, mbali, zikitazama. Nyuzi thelathini na mbili chumbani. Majengo kumi na sita kwa mpigo.

Sijui nieleze vipi ili asiyefanya kazi hii anielewe. Nimeona prosesa nyingi sana. Nyingi ni za kelele, zinaruka juu na kushuka, zinakupa namba nzuri ukiwa umesimama na mbaya ukigeuka. Hii ilipanda hadi sabini na tisa, ikakaa. Saa ya kwanza, sabini na tisa. Saa ya tatu, jua limelipiga dirisha, na mimi nimevua viatu, sabini na tisa. Viini vyote sitini na vinne vilikuwa kazini pamoja, kila kimoja kimejaa, hakuna kinachomsubiri mwenzake, hakuna kinachozembea. Ndani ya kile kipande cha madini majengo kumi na sita yalikuwa yanatikiswa hadi misingi, na mezani pangu hata maji kwenye glasi hayakucheza. Fundi Chiu hakwenda kunywa chai siku hiyo. Alikaa mbele ya skrini masaa yote manane, na kila nusu saa aliandika namba ileile kwenye daftari kwa mwandiko uleule.

Saa kumi na moja jioni alifunga daftari, akaigusa mashine ubavuni kwa vidole viwili.

"Hii," akasema, "ni kazi ya watu walioijua kazi yao."

Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kumsikia akisifu kitu kiasi hicho. Nilijisikia fahari, kana kwamba nilikuwa nimeizaa.

Mhandisi Hsieh alisafiri nayo kwenye treni, imefungwa kwa blanketi, amekaa nayo kiti cha pili alichokilipia nauli. Siku ya kumi na nne alitutumia ujumbe mmoja: imemaliza, haikusimama hata mara moja. Nikamnunulia bosi chai ya maziwa yenye vidonge vya muhogo, ingawa anasema ni kinywaji cha watoto, na akainywa yote.

Nilidhani yameisha. Tarehe ishirini na tisa Mhandisi Hsieh akanipigia simu.

"Dada Chuan, njoo Hualien kesho. Shule ishirini na tano wamenisikiliza. Moja hawataki kufunga jengo lililoanguka ndani ya kompyuta."

"Mimi nije kufanya nini? Mimi muuza mashine!"

"Ndiyo maana. Mwalimu Mkuu anasema kompyuta imekosea."

Nilipanda treni ya alfajiri, nikala wali na kipande cha nyama ya nguruwe katika kijisanduku cha safari, nikafika kwenye mvua kubwa. Shule ilikuwa Tung-fu, chini ya mlima. Wenyewe walikuwa wamesimamisha mahema matatu uwanjani kama mhandisi alivyowaagiza, lakini maji yalikuwa yanapita chini yake, na Mwalimu Mkuu Kao, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameamua asubuhi ile kuwarudisha watoto katika jengo C, lile lile lililokatazwa. Kutoka kwenye baraza ya ofisi yake tuliwasikia wakisoma kwa sauti. Barua ya serikali ya kufunga jengo ilikuwa bado ipo mezani kwa mtu fulani, ikisubiri muhuri.

Nilitazama lile jengo. Jamani, lilikuwa zuri. Rangi mpya, madirisha makubwa, hata ufa mmoja sikuuona. Kwa mara ya kwanza moyo wangu ulisita.

"Huyu ndiye?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Aliyeuza ile kompyuta?"

"Ndiye, Mwalimu," akasema Mhandisi Hsieh.

"Dada, nimefundisha katika jengo hilo miaka kumi na tisa. Tetemeko kubwa limepita halikudondosha hata chaki. Leo mashine ya dukani kwako inasema litaanguka. Niambie machoni pangu kwamba haikosei."

Ningeweza kumwambia haikosei. Ndilo alilolitaka, na ndilo walilolitegemea wote wawili. Nikapiga moyo konde.

"Sisi tulikosea," nikasema. "Siku mbili nzima." Nikamsimulia habari ya pakiti, zote nne, na jinsi nilivyozipanga kwa mstari. Mhandisi alikuwa ananitazama kama vile nimerukwa na akili. Mwalimu Mkuu alicheka hadi filimbi ikaruka kifuani.

"Basi mnakosea!"

"Tunakosea, Mwalimu. Ndiyo maana tulianza upya, wakati dada huyu anatulilia kwamba siku zinakwisha. Masaa manane, namba moja, haikutikisika. Bosi wangu alikuwa hajawahi kukaa mbele ya mashine masaa manane; siku ile alikaa. Mimi najua makosa yangu yanavyokuwa, nimeyashika mkononi yakiwa ya moto. Hii si mojawapo."

Akairudisha filimbi mahali pake. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Hata likitikisika," alisema kwa sauti ya chini kidogo, "watoto wangu wamefunzwa. Zoezi la kutoka nje sisi ni wa kwanza wilaya nzima. Sekunde arobaini na tano, shule nzima uwanjani. Uliza mtu yeyote."

"Sina shaka, Mwalimu," akasema Mhandisi Hsieh.

"Arobaini na tano."

"Ndiyo."

Mwalimu Mkuu alisogea ukingoni mwa baraza. "Hiyo mashine yenu inasema jengo linaanzia kuanguka wapi?"

"Kona ya kaskazini, chini."

"Darasa la sita B." Ndiko sauti zilikokuwa zinatoka. "Baada ya muda gani?"

Mhandisi Hsieh hakufungua karatasi zake. "Sekunde kumi na moja, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu Kao alitazama saa yake ya mkononi, midomo ikimcheza. Alikuwa anahesabu. Alipofika kumi na moja aliacha, akateremka barazani bila mwavuli, akavuka uwanja akipita katikati ya madimbwi, na sisi nyuma yake. Akafungua mlango wa darasa la sita B. Watoto wakasimama wote wakamsalimu.

"Bebeni viti vyenu," alisema. "Mahemani."

"Mvua, Mwalimu!" wakalalamika. Mmoja wa mbele akauliza, "Ni zoezi?"

"Si zoezi. Viti."

Wakatoka wakinung'unika, viti vichwani, wakilowa, na mwalimu wao akatoka wa mwisho na rejesta chini ya koti. Ilibaki meza kubwa ya mwalimu. Mwalimu Mkuu akashika upande mmoja, nami nikarukia wa pili, na ilikuwa nzito hasa. Mlangoni nilitua kidogo nibadilishe mkono.

"Kamata vizuri," akaniambia, bila kunitazama. "Na usisimame hapo mlangoni."